Kujiundia au Kuletewa: Makaimu wa Viundaji katika Majaribio ya Programu za Java

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza kwa Kiswahili jambo moja la ufundi wa kompyuta ambalo wanafunzi wa Butembo na Beni, katika Kivu ya Kaskazini, hukutana nalo kwa Kifaransa au kwa Kiingereza tu. Jambo lenyewe ni hili: wakati wa kujaribu kipande cha programu iliyoandikwa kwa lugha ya Java, yawezekanaje kuweka kitu cha kukaimu mahali pa kitu halisi, ikiwa kitu hicho halisi huundwa ndani kwa ndani na kipande kilekile kinachojaribiwa?

Swali hilo laweza kuonekana kuwa ni la mafundi peke yao, lisilo na nafasi katika jarida la taaluma za Kiswahili. Sisi tunaona vingine. Mwaka juzi mwanafunzi mmoja wa informatiki alituomba tumsaidie kueleza kwa Kiswahili sura moja ya tasnifu yake, ili wenzake wa mwaka wa kwanza waielewe. Tulianza na istilahi, tukitumaini kwamba majina yakipatikana kazi imekwisha. Haikuwa hivyo. Kilichotatua tatizo si jina lolote, bali mnyambuliko wa kitenzi. Hoja ya makala haya ni kwamba tofauti kati ya programu inayojaribika kwa urahisi na ile inayokataa kujaribiwa ni tofauti kati ya kauli mbili ambazo kila msemaji wa Kiswahili anazo tayari: kujiundia na kuletewa.

Tutaanza kwa kueleza mazingira ya lugha na ya kazi, kisha tutaingia katika istilahi, tatizo lenyewe, njia mbili za kulitatua, na mwisho tutaonyesha wakati wa kutumia kila njia.

2.0 Mazingira ya Lugha na ya Kazi

Miji ya Butembo na Beni imetengwa na kilomita zipatazo 54 za barabara. Lugha ya nyumbani ya wakazi wengi ni Kinande. Kiswahili, ambacho ni mojawapo ya lugha nne za taifa la Kongo, hutumika sokoni, kanisani na barabarani. Kifaransa ni lugha ya shule na ya ofisi. Butembo ina Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, kilichoanzishwa mwaka 1989. Beni ina chuo kikuu cha Kikristo kinachofundisha kwa lugha mbili, Kifaransa na Kiingereza, tangu mwaka 2007. Hivyo mwanafunzi wa informatiki husikiliza somo kwa Kifaransa, husoma maneno ya amri ya Java kwa Kiingereza, na akikwama humuuliza mwenzake kwa Kiswahili au Kinande. Ni katika hatua hiyo ya mwisho, pale anapokwama, ndipo lugha yetu huitwa kazini, na ndipo haifai kukosa maneno.

Kwa nini Java? Kwa sababu programu kubwa za afya zinazotumika katika ukanda wetu zimeandikwa kwa lugha hiyo. OpenMRS, mfumo wa kutunza kumbukumbu za wagonjwa, ulibuniwa mwaka 2004 kutokana na mahitaji ya kliniki za Eldoret, Kenya, na kuanza kutumika huko mwaka 2006. DHIS2, iliyoendelezwa katika Chuo Kikuu cha Oslo, ndiyo inayokusanya takwimu za maeneo ya afya katika nchi nyingi za Afrika, Kongo ikiwamo. Misimbo ya mifumo yote miwili iko wazi: mwanafunzi wa Butembo aweza kuisoma, pamoja na majaribio yake, bila kulipa chochote.

Umuhimu wa kujaribu programu za namna hii hauhitaji kuelezwa kwa maneno mengi katika miji yetu. Tarehe 1 Agosti 2018 ulitangazwa mlipuko wa Ebola uliodumu hadi tarehe 25 Juni 2020. Waliougua ni 3,470, na waliofariki ni 2,287. Beni, Mabalako, Butembo na Katwa yalikuwa miongoni mwa maeneo ya afya yaliyoumia zaidi. Kila mtu aliyegusana na mgonjwa alipaswa kufuatiliwa kwa siku 21 tangu siku ya mwisho ya kugusana, kwa kuwa huo ndio muda mrefu zaidi ambao ugonjwa huchukua kabla ya kujitokeza. Mtu akiondolewa katika orodha siku moja mapema kwa sababu ya kosa la kuhesabu, hakuna anayeliona kosa hilo katika kioo cha kompyuta. Huonekana baadaye, katika nyumba ya jirani.

Kwa ajili hiyo mfano wetu katika makala haya utakuwa ni programu ndogo ya kuhesabu siku 21. Tunasisitiza kwamba ni programu ya kubuni, tuliyoitunga kwa ajili ya kufundishia. Si ya shirika wala ofisi yoyote.

3.0 Istilahi

3.1 Klasi, kitu, tendo na kiundaji

Katika Java kila kitu ni cha klasi fulani. Tumekubali neno klasi kwa sababu darasa humpeleka msikilizaji kwenye chumba chenye ubao na chaki. Mwanaisimu ataielewa klasi upesi akifikiria ngeli. Majina ya ngeli moja huchukua upatanisho mmoja: kitabu kimepotea, kisu kimepotea, kiatu kimepotea. Vivyo hivyo vitu vya klasi moja hupokea maagizo ya namna moja. Agizo hilo tutaliita tendo.

Kitu hakipo mpaka kiundwe. Sehemu ya klasi inayokiunda, na kukipa hali yake ya mwanzo, huitwa kwa Kifaransa constructeur. Tunapendekeza kiundaji. Mzizi -und- ni wa kazi ya mikono, kama kuunda jahazi. Kiambishi -ji huonyesha mtenda. Na ngeli ya ki-vi huonyesha kwamba mtenda huyo ni chombo, si binadamu. Kiundaji huitwa kazini kwa neno la amri new, likifuatwa na jina la klasi.

Jaribio la kipande ni programu fupi inayoita kazini kipande kimoja tu cha programu kubwa na kuhakiki jibu lake. JUnit, chombo kinachotumiwa zaidi kwa majaribio hayo katika Java, kilianzishwa na Kent Beck na Erich Gamma mwaka 1997.

3.2 Kaimu

Kipande kimoja ni nadra kufanya kazi peke yake. Huwa na wasaidizi: mmoja hutuma ujumbe, mwingine husoma hifadhi ya data, mwingine hutaja tarehe ya leo. Tukitaka kukipima kipande peke yake, wasaidizi hao tunawaweka kando na kuweka wengine mahali pao. Wazo hili lilielezwa rasmi na Tim Mackinnon, Steve Freeman na Philip Craig mwaka 2000. Neno walilolichagua kwa Kiingereza lina maana ya uigaji, lakini pia lina harufu ya dhihaka. Kifaransa kimesitasita kati ya maneno matatu: la kwanza lina maana ya kizibo cha chupa, la pili ni sanamu isiyo na uhai, na la tatu ni mchezaji anayechukua nafasi ya mwenzake katika filamu.

Mwanafunzi tuliyemtaja alikuwa ameandika vitu bandia. Wenzake waliposoma, walielewa kinyume. Kwa nini mtu aweke kitu bandia katika programu ya afya? Katika masoko yetu bandia ni sifa ya noti na ya dawa. Ni kitu kinachodai kuwa kile ambacho sicho, ili kudanganya. Kitu cha majaribio hakimdanganyi mtu: aliyekiweka ndiye anayekitumia.

Tunapendekeza kaimu. Kaimu hushika nafasi ya mwenye cheo kwa muda, kwa idhini, na kila mtu anajua. Msomaji wa Kongo ambaye hajalizoea neno hilo azikumbuke herufi a.i. zinazofuata vyeo katika barua za ofisi zetu. Aidha, kaimu hupokea barua zilezile ambazo mwenye cheo angezipokea. Kwa lugha ya sarufi, ni kama kiwakilishi: jina kitabu laweza kuondolewa na kile kikawekwa mahali pake, na upatanisho wa sentensi usivunjike, maana ngeli ni ileile.

Gerard Meszaros, katika kitabu chake cha mwaka 2007, aliwagawa makaimu katika aina tano: anayejaza nafasi tu bila kufanya kazi, anayetoa majibu aliyopangiwa, mpelelezi anayekumbuka aliyoulizwa, anayejua mapema maswali gani atarajie na kulalamika yasipokuja, na anayefanya kazi ya kweli lakini kwa njia nyepesi. Vyombo vya siku hizi, kama Mockito, huweza kumfanya kaimu mmoja awe wa aina zaidi ya moja.

4.0 Tatizo la Neno New

Tuangalie sasa tendo moja la klasi yetu ya kubuni, Ufuatiliaji. Kazi ya tendo hili ni kuangalia siku za mtu aliyegusana na mgonjwa, kupeleka taarifa katika kituo chake cha afya, na kumweka mtu huyo katika foleni ya kutumiwa tena ikiwa taarifa haikufika.

(1)
void toaTaarifa(Mtu mtu) {
    Date leo = new Date();
    Mjumbe mjumbe = new Mjumbe(mtu.kituo());
    boolean imefika = mjumbe.tuma(hali(mtu, leo));
    if (!imefika) foleni.add(mtu);
}

Tendo hali hurudisha neno aendelee ikiwa siku 21 hazijapita, au amemaliza ikiwa zimepita. Kwa macho ya msomaji, tendo hili ni fupi na linaeleweka. Kwa macho ya mjaribu, lina kuta mbili.

Ukuta wa kwanza ni new Mjumbe. Kiundaji cha Mjumbe hufungua njia ya mtandao hadi kituoni. Jaribio likiendeshwa, litatuma ujumbe wa kweli kwa muuguzi wa kweli kuhusu mgonjwa asiyekuwapo. Mtandao ukikatika, jaribio litaanguka ingawa hesabu ni sahihi. Tena kuna jambo zito zaidi: mstari wa mwisho, ule wa foleni, ndio unaomlinda mtu asisahaulike mtandao unapokatika, lakini hatuwezi kuuagiza mtandao wa kweli ukatike ili tuupime mstari huo. Hivyo mstari wenye dhamana kubwa ndio unaobaki bila kujaribiwa.

Ukuta wa pili ni new Date. Kiundaji hicho, kikiitwa bila kupewa neno lolote, husoma saa ya kompyuta. Jaribio lililoandikwa leo kwa mtu aliyegusana na mgonjwa siku 20 zilizopita litafaulu leo na kesho, na keshokutwa litaanguka bila mtu yeyote kugusa msimbo.

Kwa nini tusiweke kaimu tu? Kwa sababu kaimu wa kawaida hupatikana kwa urithi. Chombo hutengeneza klasi-mtoto ya Mjumbe, yenye matendo yaleyale lakini isiyofanya kazi halisi; na kwa kuwa mtoto ni wa ngeli ya mzazi, hupokelewa popote mzazi anapopokelewa. Lakini neno new halipokei wa ngeli hiyo yeyote. Hutaja klasi moja kwa jina lake, na jina hilo huandikwa katika msimbo wa mashine wakati programu inapotafsiriwa. Viundaji havirithiwi, na mtoto hawezi kukiandika upya kiundaji cha mzazi kama aandikavyo upya matendo mengine. Tukirudi kwenye sarufi: mjumbe.tuma ni sentensi yenye kiwakilishi, na kiwakilishi chaweza kumrejelea mwingine. New Mjumbe ni jina la pekee, lisilomrejelea ila mwenyewe.

5.0 Njia ya Kwanza: Kunasa Kiundaji

Njia ya kwanza haigusi msimbo wa programu. Humvizia kiundaji mlangoni: neno new linapotamkwa, chombo hulinasa na kutoa kaimu.

Chombo kilichozoeleka kwa kazi hii kwa miaka mingi ni PowerMock, kilichotokea mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii. PowerMock huibadilisha klasi inayotamka new wakati inapopakiwa katika kumbukumbu ya kompyuta. Hapo ndipo wanafunzi wengi hukosea: hukiandaa kisivyo, wakitaja klasi inayoundwa, yaani Mjumbe, badala ya klasi inayounda, yaani Ufuatiliaji. Jaribio huendelea kumwita mjumbe wa kweli, na mwanafunzi hajui kwa nini. PowerMock haikuwahi kukubaliana na JUnit 5 iliyotoka mwaka 2017, na toleo lake la mwisho ni la mwaka 2020.

Mwaka huohuo wa 2020, Mockito, katika toleo la 3.5, ilipata uwezo wa kunasa viundaji bila msaada wa chombo kingine. Yenyewe hufuata njia iliyo kinyume: hubadilisha msimbo wa klasi inayoundwa. Mfano wake ni huu:

(2)
try (MockedConstruction<Mjumbe> wote =
         mockConstruction(Mjumbe.class)) {
    ufuatiliaji.toaTaarifa(mtu);
    Mjumbe kaimu = wote.constructed().get(0);
    verify(kaimu).tuma("aendelee");
    assertTrue(foleni.contains(mtu));
}

Mstari wa kwanza na wa pili hufungua muda wa ukaimu: ndani ya mabano, kila new Mjumbe itakayotamkwa katika uzi huu wa utekelezaji itazaa kaimu, na kazi ya kiundaji halisi haitafanyika, mtandao hautafunguliwa. Orodha iitwayo wote hukusanya makaimu kwa mpangilio wa kuundwa kwao, nasi tunamchukua wa kwanza. Kisha tunahakiki kwamba aliambiwa atume neno aendelee. Mwisho tunahakiki foleni. Msomaji aangalie vizuri hapa: kaimu ambaye hakupangiwa jibu hujibu kwa utupu, yaani sifuri kwa hesabu, na si kweli kwa swali la ndiyo au hapana. Kwa hiyo kaimu wetu amesema kwamba ujumbe haukufika, na mtu amewekwa katika foleni. Mstari uliokuwa haujaribiki sasa umejaribiwa.

Neno try lililotangulia ni la lazima, si pambo. Mabano yakifungwa, ukaimu hukoma na kiundaji hurudi kazini. Mwandishi akisahau kuufunga, ukaimu huvuja hadi katika majaribio yanayofuata, na jaribio la mtu mwingine huanguka kwa kosa lisilo lake. Kaimu asiyeondoka siku yake ikifika huwa ni tatizo hata katika ofisi za binadamu.

Hata hivyo mfano (2) una kasoro ambayo tumeiacha kwa makusudi. Tumemnasa Mjumbe, lakini hatujainasa tarehe. Neno aendelee litakuwa sahihi kwa siku chache tu. Je, tuinase na Date? Tunashauri mwanafunzi asifanye hivyo. Date ni klasi ya msingi ya Java. Vyombo vingine vingi vinavyofanya kazi katika uzi uleule huweza kuiunda bila sisi kujua, na vyote vitapewa makaimu watupu. Ni afadhali kuijia njia ya pili.

6.0 Njia ya Pili: Kuletewa

Turudi kwenye kitenzi. Tendo la mfano (1) hujiundia mjumbe na hujitafutia tarehe. Tuchambue: ku-ji-und-i-a. Kirejeshi -ji- na kauli ya kutendea -i- husema kwa pamoja kwamba mtenda na mnufaika ni mmoja. Kati yao hakuna nafasi ya mtu wa tatu kuingia. Hiyo ndiyo maana ya ukuta tulioueleza.

Sasa tubadilishe kauli: ku-let-e-w-a. Kauli ya kutendea imebaki, kwa kuwa mnufaika bado yupo. Lakini -w- ya kutendwa imemtoa mnufaika katika nafasi ya mtenda. Mletaji ni mwingine, naye hakutajwa. Kwa kuwa hakutajwa, aweza kuwa yeyote: katika kazi ya kila siku ataleta mjumbe wa kweli, katika jaribio ataleta kaimu. Kipande chenyewe hakijui tofauti wala hakihitaji kuijua.

(3)
Ufuatiliaji(Clock saa, Mjumbe mjumbe) {
    this.saa = saa;
    this.mjumbe = mjumbe;
}

Hiki ndicho kiundaji kipya cha Ufuatiliaji. Ndani ya tendo toaTaarifa, maneno yote mawili ya new yameondoka. Mjumbe huambiwa kituo wakati wa kutumwa, si wakati wa kuundwa. Tarehe huulizwa kwa saa iliyoletwa. Clock ni klasi iliyoingia katika Java 8 mwaka 2014, nayo ina uwezo wa kusimamishwa mahali pamoja. Jaribio sasa ni jepesi:

(4)
Mjumbe kaimu = mock(Mjumbe.class);
Clock saa = Clock.fixed(sikuYa21,
                ZoneId.of("Africa/Lubumbashi"));
new Ufuatiliaji(saa, kaimu).toaTaarifa(mtu);
verify(kaimu).tuma(mtu.kituo(), "aendelee");

Hakuna kilichonaswa. Neno new limerudi, lakini sasa limo mikononi mwa mjaribu. Siku ya 21 imesimama, na itabaki kuwa siku ya 21 hata jaribio likiendeshwa miaka kumi ijayo. Mjaribu aweza kuandika jaribio la pili kwa siku ya 22, na kudai neno amemaliza. Ni katika mpaka huo kati ya siku mbili ndimo makosa ya kuhesabu hujificha.

Jina Africa/Lubumbashi ni la majira ya mashariki ya Kongo, yanayotangulia saa ya dunia kwa saa mbili. Kinshasa hutangulia kwa saa moja tu. Seva nyingi hufuata saa ya dunia. Maana yake ni kwamba kuanzia saa sita usiku hadi saa nane usiku, seva bado ipo katika jana huku Butembo ikiwa imeingia leo. Katika mfano (1) kosa hilo halikuweza hata kuulizwa. Katika mfano (4) laweza kuandikiwa jaribio kwa mstari mmoja.

Methali yetu husema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Katika uandishi wa programu mambo ni kinyume: kipande kinachojitegemea kwa kila kitu ndicho kisichoweza kuchunguzwa. Martin Fowler aliupa utaratibu huu wa kuletewa jina lake la Kiingereza mwaka 2004, akiulinganisha na kudungwa sindano. Na chombo kiitwacho Spring, ambacho OpenMRS na DHIS2 zote mbili hukitumia, kazi yake kuu ni hiyohiyo ya kuwa mletaji.

Hutokea kwamba kipande hakiwezi kuletewa kitu tayari, kwa kuwa chahitaji kitu kipya kila mara, pengine mjumbe mmoja kwa kila kituo. Hapo kiletewe mwundaji badala ya kitu: kipewe mtu wa kumwambia niundie. Katika jaribio mwundaji huyo atatoa makaimu. Njia nyingine ya zamani, aliyoieleza Michael Feathers mwaka 2004 kwa ajili ya misimbo mikongwe, ni kuliweka neno new katika tendo dogo la peke yake, kisha klasi-mtoto ya jaribio ikaliandika upya tendo hilo. Kiundaji hakiandikwi upya, lakini tendo linalokiita huandikwa upya.

7.0 Njia Ipi Itumike Lini

Mwanafunzi aweza kudhani kwamba tumeilaani njia ya kwanza. Sivyo. Programu nyingi ambazo vijana wetu watakabidhiwa ziliandikwa na watu waliokwisha ondoka, hazina majaribio, na zimejaa new kila kona. Kuzibadilisha bila majaribio ni hatari. Kuzijaribu bila kuzibadilisha haiwezekani kwa njia ya pili. Fundi amefungwa katika mduara. Kunasa kiundaji ndiko kunakoukata mduara huo, kwa utaratibu ufuatao. Kwanza, andika jaribio kwa kunasa, ili tabia ya sasa ya kipande ijulikane. Pili, badilisha kipande kutoka kujiundia hadi kuletewa, jaribio likikulinda. Tatu, andika jaribio upya kwa kaimu wa kawaida na uondoe mtego. Mtego ni kama jukwaa la miti la mwashi: hauepukiki wakati wa kujenga, lakini nyumba isiyoweza kusimama bila jukwaa haijakwisha.

Kwa programu mpya, ambayo mwandishi ana mamlaka juu ya kila mstari wake, haja ya kunasa ikijitokeza na ichukuliwe kuwa ni dalili. Kipande kinalalamika kwamba kimejifungia ndani.

Isidhaniwe pia kwamba kila new ni kosa. Orodha tupu, neno, namba, au kitu kidogo kinachobeba data tu, vyaweza kuundwa popote. Vya kuletewa ni vile vinavyogusa ulimwengu wa nje: saa, mtandao, hifadhi ya data, mashine ya kuchapia.

Lipo onyo la mwisho, nalo lahusu njia zote mbili. Kaimu hutii. Hujibu alivyopangiwa, hata pale mwenye cheo angekataa. Ikiwa mjumbe wa kweli amebadilishwa na sasa hutaka namba ya kituo badala ya jina lake, kaimu aliyepangwa kwa jina ataendelea kujibu kwa upole, na majaribio yote yatafaulu siku ileile ambayo ujumbe haufiki popote. Kwa hiyo majaribio ya makaimu yasiachwe peke yake. Lazima yawepo machache yanayomwita mwenye cheo mwenyewe, kwa mtandao wa kweli, katika kituo cha majaribio.

8.0 Hitimisho

Tumeonyesha kwamba neno new hujenga ukuta kwa sababu hutaja klasi kwa jina la pekee. Kwamba ukuta huo waweza kuvukwa kwa kunasa kiundaji, au kuondolewa kwa kukifanya kipande kiletewe wasaidizi wake. Na kwamba njia ya kwanza ni ya muda, ya pili ni ya kudumu. Tumependekeza maneno kiundaji na kaimu, na tumeeleza kwa nini bandia halifai.

Lakini jambo tunalotaka msomaji aondoke nalo si maneno hayo mawili. Mara nyingi kazi ya kukikuza Kiswahili cha sayansi huonekana kama kazi ya kuongeza majina katika kamusi. Majina yanahitajika. Hata hivyo wanafunzi tuliowaona hawakuelewa walipopewa jina. Walielewa walipoulizwa swali moja kwa lugha yao: kipande hiki kinajiundia, au kinaletewa? Mmoja wao alirudi kwenye msimbo wake, akahesabu maneno ya new, akayapigia mstari mekundu yale yanayogusa ulimwengu wa nje. Yalikuwa saba. Alianza na lile la tarehe.